Nimejichora mlanzi, na hapana, sijajichora pombe

Swali la kwanza la kila anayeingia chumba chetu cha sanaa ni uso uko wapi. Anaona picha kubwa ukutani, chini yake kikaratasi kimeandikwa MIMI, anaangalia picha, ananigeukia mimi, anarudi kwenye picha, anaona kichaka cha mianzi ya kugema pombe ya ulanzi na mbeta, chombo cha kukingia utomvu, imening'inia basi. "Madam, mbona haifanani na wewe?" Haifanani ndio. Anayetaka sura yangu ipo pasipoti saizi kwenye faili la ajira, nilipigwa studio ya mjini na pazia la bluu nyuma, masikio yote yanaonekana kama walivyotaka, na mtu akiikodolea macho siku nzima hatojua chochote kuhusu mimi zaidi ya kwamba nina masikio.

Nafundisha kuchora sekondari moja huku Iringa na msimamo wangu ni huu, mwenye kubisha abishe: ukitaka kujichora kwa kutumia vitu vya asili, mti, mnyama, jiwe, chochote, basi chagua kitu unachokijua kwa mikono, na kiwe na upande ambao ungependa watu wasiuone. Kikiwa kinakusifia tu hiyo sio picha yako, hilo ni tangazo la biashara.

Nasema hivi kwa sababu kila mwaka naletewa simba. Yani waambie kidato cha pili jichoreni bila kuchora sura, wavulana wengi ni simba na waliobaki ni tai, wasichana waridi na kipepeo, kipepeo mwenyewe hajui hata anatoka kwenye kiwavi gani. Ukiuliza huyu simba ulimwona wapi, kimya, wengi wamemwona kwenye noti ya elfu mbili. Na Ruaha ipo hapo hapo mkoani kwetu na simba wamejaa kweli, ila watoto wengi ninaowafundisha hawajawahi kuvuka lile geti, kwaiyo wanachora sifa walizosikia, ukali, ujasiri, ufalme. Hakuna hata mmoja aliyewahi kunichorea simba amelala, wakati ndo kazi anayoifanya simba karibu siku nzima.

Ila kila darasa linatoa wawili watatu wanaonifanya niendelee na hii kazi. Kuna kijana wa Njombe alichora kiazi, darasa likacheka mpaka mwalimu wa chumba cha jirani akaja kuchungulia, kiazi kiko ndani ya gunia stoo gizani kimeota vichipukizi vyeupe virefu vimepinda vinatafuta mwanga kwenye tundu la gunia. Akasema nyumbani tunakaa wengi na kitabu nasomea kwa tochi ya simu. Kicheko kikaisha chenyewe. Mwingine wa Mafinga alijichora msindano kwenye ile misitu ya Sao Hill, miti mstari kwa mstari, umri mmoja, urefu mmoja, nikamuuliza wewe ni upi kati ya hii akanijibu hapo ndo shida ilipo madam. Anakaa bwenini tangu shule ya msingi.

Na yupo binti wa Makete, huyu nitamsimulia vizuri. Wenzake wote walitegemea ataleta maua manake kwao ndo Kitulo, Bustani ya Mungu, hifadhi ya taifa tangu 2005 kwa sababu ya maua yake hasa, kuna okidi aina zaidi ya 40 na mvua zikishashika, Desemba mpaka Machi hivi, uwanda mzima unabadilika rangi, watu wanasafiri kutoka mbali kuja kupiga selfi. Yeye akachora shimo. Shimo dogo kwenye udongo mweusi na jani moja limelala pembeni linaanza kunyauka, basi, karatasi yote iliyobaki nyeupe. Sasa mtu wa Makete anaelewa palepale, kwa wengine ni kwamba zile okidi zina viazi vidogo chini ya ardhi na kwa miaka mingi watu wamekuwa wakivichimba vinavushwa kwenda Zambia, kule vinapikwa chakula kinaitwa chikanda, na ukishakitoa kiazi mmea wenyewe umekwisha. Nikamuuliza na wewe uko wapi kwenye picha? "Mimi ndo kilichochimbwa mwalimu. Si niko huku."

Sikuwa na la kusahihisha. Maksi nilitoa, ila hata maksi zenyewe niliona zinamvunjia heshima.

Sasa kuna wanaosema haya mambo ya kujichora bila uso ni ya wazungu. Wazungu wamefanya ndio na wamefanya vizuri, Frida Kahlo wa Meksiko (na huyo sio mzungu kivile, mama yake alikuwa na asili ya wenyeji wa kule) mwaka 1946 alijichora mwili wa swala dume, pembe kichwani, mishale imemchoma kila mahali, uso aliuacha wa kwake lakini ule mwili ndo unaosema, manake huyu mama alipata ajali ya basi akiwa na miaka 18 na maumivu hayakumwacha mpaka anakufa 1954. Ona sasa, angetaka kujisifu angechora swala anaruka. Nyuma zaidi Albrecht Dürer wa Ujerumani, 1493, kijana wa miaka 22, amejichora kashika mmea wa miiba mkononi na mpaka leo wasomi wanabishana ule mmea ulikuwa na maana gani, wengine uaminifu kwa mchumba wengine mateso ya Yesu. Mi napenda kwamba wanabishana. Lakini kabla ya wote hao nenda Igeleke, pale pale pembeni ya mji wa Iringa, kuna michoro kwenye mwamba, watu na wanyama kwa rangi nyekundu, watu wenyewe ni maumbo tu na hakuna aliyelalamika sura haionekani. Koo zetu nazo, nyingi zina mnyama au kitu ambacho ukoo hauli, na mtu anajitambulisha kwa hicho kitu mbele za wakwe bila kuona aibu. Kwaiyo tusidanganyane.

Haya, mlanzi. Ambao hamtoki huku, mlanzi ni mwanzi unaotoa ulanzi, na ulanzi unaujua hata kama hujawahi kuunywa. Mvua zikianza machipukizi yanatoka ardhini, likifika urefu wa kugemeka mgema analikata ncha, analifunga mbeta, ambayo nayo ni kipande cha mwanzi huohuo, utomvu unadondoka humo. Asubuhi anarudi kumimina na kukata kidogo tena, jioni tena, na kisu lazima kiwe kikali sana na kipande kiwe chembamba, ukikata kwa pupa umelimaliza mapema. Baba yangu alikuwa mgema. Ada yangu ya sekondari imetoka kwenye mbeta, sare imetoka kwenye mbeta, hata boksi langu la kwanza la rangi za maji lilinunuliwa siku ambayo ulanzi ulitoka vizuri, kwaiyo mlanzi mi siujui kwa kusoma, nimebeba madumu yake kichwani nikiwa mdogo nyuki wananifuata.

Hiyo ndo sababu ya kwanza na ingetosha kwa picha ya kumshukuru baba. Lakini nimejichora mimi, sio baba, na mimi nipo kwenye lile chipukizi lililokatwa ncha.

Chipukizi likishagemwa halirefuki tena. Halitakuwa mwanzi, halitajenga uzio wala kubeba paa, litatoa ulanzi msimu ule likauke. Nilitaka kuwa mchoraji jamani, sio mwalimu wa kuchora, ni vitu viwili tofauti. Nilitaka maonesho, Dar, hata nje. Nikapangiwa shule, asubuhi vipindi, jioni vipindi, kila siku kipande chembamba, na watoto wanakunywa na wanakua na nafurahi kuwaona, yote ni kweli, ila urefu ule niliokuwa nautaka haupo tena na sitaki kuchora kana kwamba upo. Huo ndo upande wangu nisiopenda watu wauone, na ndo ulioshika katikati ya picha.

Alafu utomvu wenyewe, asubuhi ni mtamu hata mtoto anapewa, ukikaa unageuka mkangafu, yani mkali wa kulevya. Wanafunzi wangu wa kipindi cha mwisho mchana wanajua nazungumzia nini.

Nyuma nimechora mianzi miwili mirefu haijaguswa. Mgema mwenye akili hagemi yote, anaacha mengine yakue ili kichaka kisife, baba alikuwa mkali kwenye hilo kuliko kitu kingine chochote. Hiyo miwili ni Jumamosi zangu na likizo ya Desemba, nachora, simu nazima, na mzazi anayetaka kujua matokeo asubiri Jumatatu.

Mwalimu mwenzangu mmoja, mlokole, mtu mwema sana, alisimama mbele ya hiyo picha akaniambia kwa upole mwalimu, watoto watajifunza nini hapa, umejichora pombe. Nikamwambia umri wote huu nimesomeshwa na hiyo pombe, akanyamaza, ila najua hajaridhika na kusema ukweli hoja yake sio ya kijinga, wapo watoto pale ambao baba zao ulanzi umewamaliza, na kwenye picha hiyo mbeta inaning'inia haisemi nani atakunywa. Nimeiacha hivyohivyo. Mwingine akanishauri si ungejichora mshumaa, unateketea ili wengine wapate mwanga. Hapo nilikasirika kidogo. Mshumaa wa mwalimu nimeuona kwenye kadi za mahafali tangu nasoma, na kila anayeutoa hajawahi kuuliza mshumaa wenyewe unaonaje, na isitoshe mshumaa hauna mzizi.

Kuhusu rangi, manake wengi wameniuliza, sijatumia za kwenye chupa. Tubu nzuri za rangi huku mjini ni shida na ukizipata bei inakata tamaa, hata mchoraji Edward Saidi Tingatinga alipoanza Dar 1968 alitumia rangi za kupakia baiskeli kwenye hadibodi, alitumia kilichopo. Nimechota udongo mwekundu barabara ya Kilolo, nimeuponda nikauchuja kwa kitenge kilichochakaa, nikachanganya na gundi nyeupe ya mbao, mweupe nao hivyohivyo, nyeusi ni mkaa. Kijani ndo ilinisumbua, majani ukiyaponda yanakupa kijani leo, baada ya wiki ni kahawia, mwisho nikaamua kichaka chote kiwe cha kahawia na nyekundu. Wanasema kinaonekana kama kiangazi. Kiangazi na machipukizi haviendani, mgema yeyote atakwambia, na bado nimekipenda.

Wiki iliyopita niliirusha stetasi. Jamaa mmoja mwenye kilabu cha ulanzi akanipigia anaitaka, anataka kuitundika juu ya kaunta. Nikamweleza kwa kirefu kwamba ile sio picha ya ulanzi kaka, ile ni mimi. Akasema haina shida dada, mbeta imechorwa vizuri. Bado tunavutana bei.