Kajitoa Saa Nne Usiku

Mimi sijawahi kugombea chochote. Hata kwenye foleni, mwenye haraka namwachia anitangulie. Ilikuwaje basi nikawa mwenyekiti wa kamati ya uchaguzi ya chama cha wenye nyumba mtaani kwetu? Mkutanoni nilinyoosha mkono niulize kama kikao kinakaribia kuisha. Wakaandika jina langu.

Viti vitatu, wagombea wanne. Karatasi za kura zimeshachapwa na kusambazwa nyumba 120, kila moja na bahasha zake mbili: ya ndani haina jina, ya nje ina sahihi, ili isijulikane nani kampigia nani. Nilizipanga mwenyewe kwenye meza ya chakula, watoto wakala sakafuni siku mbili. Kura zikaanza kurudi. Zimebaki siku tano, saa nne usiku, ujumbe unaingia: "Jirani, nimejitoa. Samahani kwa usumbufu. Usiku mwema."

Usiku mwema! Mwenzangu kalala, mimi nafungua katiba ya chama. Kuna kifungu cha rangi ya uzio. Kuna cha mbwa wanaobweka. Kuna hadi cha kamba ya kuanikia nguo na upande inapotakiwa kukaa. Mgombea akijitoa wakati karatasi zimeshatoka? Kimya. Walioiandika walidhani anayeutaka uongozi hauachii.

Alfajiri nikamfuata aniandikie barua na kutia sahihi, maana ujumbe wa simu kesho atasema mtoto ndiye alikuwa anaichezea simu. Akanitazama kama nimekuja kudai. "Kwani hatuaminiani, mwenyekiti?" Tunaaminiana, jirani. Andika.

Basi wataalamu wakaamka. Wa kwanza: wamebaki watatu, viti vitatu, wapite bila kupingwa twende zetu. Si ujinga, na kuna vyama ambavyo katiba inaruhusu hivyo. Yetu inasema "watachaguliwa kwa kura", na kura 50 ziko sandukuni tayari. Wa pili: tuchape upya. Kwa hela ya nani? Na aliyekwisha piga apige mara mbili? Wa tatu ndiye angetumaliza: kila karatasi yenye alama kwa huyu bwana itupwe. Yaani mtu kachagua watatu, mmoja kajitoa, na wale wawili wazikwe naye! Halafu na akidi ife. Akidi yenyewe ni nusu ya nyumba, na kila mwaka tunaipata kwa kugonga milango kama wadai.

Akatokea jirani mfuatiliaji wa habari, akasema mwaka 2024 kule Marekani Robert F. Kennedy Jr. alisitisha kampeni ya urais mwezi Agosti. Katika majimbo ya Michigan na Wisconsin jina lake likabaki kwenye karatasi, North Carolina wakachapa upya. Nikapumua. Kama nchi nzima imeshindwa kuwa na jibu moja, mimi nilaumiwe kwa lipi?

Tukaamua: jina libaki, tangazo liende kila nyumba, alama zake zisihesabiwe, karatasi iendelee kuwa halali kwa wengine na kwa akidi. Tungeishia hapo tungekuwa watu wa maana. Lakini mjumbe wangu mmoja, mchapakazi kupita kiasi, akajipa kazi ya kufuta jina kwenye karatasi 40 za akiba kwa kalamu ya wino mzito. Ishirini za mwanzo, mstari umenyooka kama rula. Kisha mkono ukachoka, mstari ukaanza kuteremka, ukampitia na mgombea wa chini yake. Mama wa watu kufika mezani, kaiinua karatasi hadi usawa wa miwani. "Kumbe na mimi nimejitoa? Mbona hamkuniambia?"

Zile zilizochafuka tukaziweka kando, tukaandika idadi, tukamwomba radhi. Kalamu niko nayo mfukoni hadi leo.

Siku ya kuhesabu ndipo nilipojua tangazo langu lilisomwa na mimi peke yangu. Nafungua karatasi, huyu bwana. Nafungua nyingine, huyu bwana. Msomaji wetu, "haihesabiwi, haihesabiwi", mpaka sauti ikakauka. Watatu waliobaki wakapata viti vyao, wakapeana mikono, wakaondoka bila kunisaidia kubeba hata kiti kimoja.

Nakunja meza, namwona mtu kasimama mlangoni. Ni yeye.

"Mwenyekiti, si kwa ubaya. Mimi nilipata ngapi?"

"Hatukuhesabu, jirani. Ulijitoa."

"Hata kwa kukadiria tu?"

Nikatoa barua yake yenye sahihi, nikamwonyesha. Sasa ni wiki ya pili hanisalimii, na juzi nimemsikia pale getini akiwaambia watu uchaguzi ule haukuwa wa haki.