Shilingi ya Kenya na ya Bongo: hii 20 kwa 1 ilitoka wapi hasa

Ligi zote za mtandaoni kati ya Wakenya na Wabongo zinaishia palepale, Mkenya anatupia "moja yetu ni ishirini zenu", Mbongo anajibu kwa bei ya mchele na vitunguu, alafu yanafuata matusi. Kwa mtazamo wangu kila upande umeshika nusu ya stori na hiyo nusu yenyewe imeshikwa kichwa chini miguu juu.

Tuanze na 1966. Kabla ya hapo Kenya, Uganda na Tanzania walitumia shilingi moja ya Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, 20 zinafanya pauni moja ya Muingereza. Mwaka huo kila nchi ikafungua benki kuu yake na noti zake, na zikaanza ngoma droo, dola kama 7.14 huku na huku. Leo dola ni kama 129 Nairobi na karibu 2,500 Dar, piga hesabu mwenyewe unapata hiyo 19, 20.

Wengi wanaamini shilingi ya Tanzania iliporomoka enzi za Nyerere. Kwenye makaratasi haikuwa hivyo kabisa! Wastani wa mwaka 1983 dola ilikuwa kama TSh 11 wakati Kenya ni kama 13, yaani ya Bongo ndo ilikuwa nzito. 1985 ikawa 17 na 16, bado wako bega kwa bega. Shida ni kwamba hiyo 17 ilikuwa bei ya kwenye ubao tu, dola yenyewe benki huipati bila kibali, na mtaani ya magendo inauzwa mara kadhaa ya hapo. Sukari foleni, sabuni foleni, mpaka wa Kenya ulifungwa toka 1977 hadi 1983, alafu mtu anakwambia shilingi ilikuwa imara, imara ya kununulia nini sasa?

Rais Mwinyi kampokea Nyerere mwishoni mwa 1985, mwaka uliofuata wakakubaliana na IMF, Shirika la Fedha la Kimataifa, na mambo yakafunguka: wastani wa 1986 dola kama TSh 33, 1988 kama 99, 1990 kama 195. Kenya hiyo 1990 wako kwenye 23 hivi. Kwahiyo ndani ya miaka mitano tu tulitoka shilingi moja yetu kwa moja yao hadi zaidi ya nane zetu kwa moja yao, na sehemu kubwa ya hilo pengo la leo limezaliwa hapo na miaka michache iliyofuata.

Sasa wanaosema Nyerere alikuwa sahihi kuwagomea IMF na kutoishusha shilingi wana hoja, msiwacheke. Mtu aliyekuwa na shilingi 10,000 benki mwaka 1985 kwa bei ya serikali alikuwa na kama dola 570. Zikae hapohapo mpaka 1995 ni kama dola 17. Mwalimu, karani, mstaafu, wote walipigwa na hakuna aliyewaomba radhi.

Ila upande wa pili mimi naona una uzito zaidi, na sababu yangu ni mkulima wa kahawa na pamba. Zao lake linauzwa nje kwa dola, yeye analipwa kwa hesabu ya dola ya 17, akienda kununua sabuni ya magendo anauziwa kwa hesabu ya dola ya mtaani. Hiyo ni kodi, tena ya kimyakimya, na waliokula ni wale wenye vibali. Kushusha shilingi kulitangaza tu kilichokuwa kimeshatokea. Kilichoendelea kuiua ni bei kupanda karibu asilimia 30 kwa mwaka mpaka katikati ya miaka ya 90, Kenya miaka mingi walikuwa chini ya hapo.

Miaka mingi, sio yote! Mkenya huwa anairuka 1993, enzi za Goldenberg, ile kashfa ya serikali kulipa mabilioni kwa dhahabu hewa, bei zilipanda kama asilimia 46 na dola ikatoka wastani wa 32 mwaka uliotangulia hadi 58. Mwaka huo shilingi moja ya Kenya ilishuka mpaka kama 7 za Tanzania. Na Januari 2024 dola iligonga 160 Nairobi, watu wakiogopa ile Yurobondi, deni la serikali kwa wawekezaji wa nje, ya dola bilioni 2 italipwaje, noti ya 1,000 ya Kenya ikawa haikupi wekundu wa Msimbazi wawili, yaani noti mbili za 10,000 za Bongo, ulipewa mmoja na chenji, chini ya elfu 16. Februari wakakopa upya wakainunua sehemu kubwa, shilingi ikapanda tena.

Na Mbongo aliyekuwa anashangilia shilingi ya Kenya ikishuka 2023 nae apunguze, maana mwaka huohuo dola zilikuwa adimu Dar, ubao wa benki umetulia lakini muagizaji anasubiri dola wiki na wiki. Ubao uliotulia na dola hamna, hiyo filamu tuliiona 1985, japo hii ya juzi ilikuwa ndogo sana. Mwaka 2025 serikali ikapiga marufuku kutangaza bei za ndani kwa dola.

Kwahiyo mimi hiyo 20 hainiumi wala hainifurahishi, naangalia inavyoyumba. Anayepeleka machungwa ya Muheza Nairobi, mwanzoni mwa 2023 kila Ksh 1,000 ilimpa kama TSh 18,800, mwaka mmoja baadae zao lilelile, bei ileile ya sokoni, anarudi na kama 15,700, na mwenye duka Holili, mpakani upande wa Bongo, anayechukua mzigo Taveta upande wa Kenya ndo alikuwa anakula raha.