Mapumziko ya Kijerumani ni Kazi Nzito

Ndugu zangu, Mjerumani akikwambia "Jumamosi tutapumzika", kimbia. Usiulize kitu, kimbia tu. Huyu mtu hapumziki kwa kulala wala kwa kukaa barazani akipiga soga. Anapumzika kwa kukanyaga baiskeli kutoka Höxter mpaka Hameln, kando ya mto Weser, zaidi ya kilomita 60, halafu anakutuliza: "Njia ni tambarare, hata watoto wanakwenda." Na kweli watoto wanakwenda. Wamewekwa kwenye kigari cha nyuma kinachovutwa na baba yao, wamefungwa mikanda, wanakula biskuti na kupunga mikono. Mimi kigari sikuwekewa.

Mwenye wazo ni baba mkwe, mzee wa miaka sabini na kitu. Nilimuuliza swali ambalo mtu yeyote wa Muleba angeuliza: "Baba, Hameln tunapeleka nini?"

"Hatupeleki kitu."

"Basi tunakwenda kuchukua nini?"

"Hatuchukui kitu. Tunakwenda tu."

Nikanyamaza. Kwetu Kagera ukiona baiskeli inapanda mlima, nyuma ina mikungu ya ndizi, na anayeisukuma anajua jioni atatia shilingi ngapi mfukoni. Hawa wanahangaika kutwa nzima na mzigo wenyewe ni koti la mvua na ndizi moja. Moja! Tena ya dukani, imesafiri kutoka Ekwado.

Halafu mavazi. Kofia ngumu si lazima kisheria, lakini kwa mzee ni lazima. Kaptula nayo ni ya kubana, makalioni ina sponji nene. Nilijitazama kwenye kioo nikaona aibu kwa niaba ya ukoo wote. Mhaya mzima, mwenye suti zake kabatini, nimevaa nepi. Mama watoto akasema nimependeza. Alisema huku ameziba mdomo na mkono.

Kufika uani nakuta baiskeli mbili. Ya mzee ina betri. Yangu ina mimi. "Wewe bado kijana," akasema, akabonyeza kitufe, akaondoka. Sheria ya huku inataka mota iache kusaidia ukifika kilomita 25 kwa saa, na mzee wangu hiyo 25 anaitumia yote, hakuna inayobaki. Namwona mgongo tu, unazidi kuwa mdogo. Nikimfikia amesimama chini ya mti, ameshapumzika, na akiniona tu ndiyo ishara ya kuondoka. Kwa hiyo anayepumzika ni mwenye betri. Mwenye mapafu anaendelea.

Na si yeye peke yake. Njia nzima ni wazee wa umeme. Bibi kizee mwenye mvi tupu anakupigia kengele kwa nyuma, kring, anakupita kwenye mwinuko huku anazungumza na mumewe habari za ukarabati wa jiko, kisha anakugeukia: "Morgen!" Na wewe lazima ujibu. Unahema, jasho limeingia machoni, lakini usipojibu utaambiwa wageni hawana adabu.

Holzminden nilifika kwa kufuata pua. Mji huu wanauita mji wa manukato, kwa sababu viwanda vya harufu na ladha viko pale tangu zamani. Mwaka 1874 mzaliwa wa hapo, Wilhelm Haarmann, na mwenzake Ferdinand Tiemann walipata njia ya kutengeneza vanilini, yaani ile harufu na ladha ya vanila, kutokana na utomvu wa miti jamii ya misonobari. Mzee ananisimulia kwa fahari, na mimi namfikiria shangazi yangu Bukoba. Ana vanila yake shambani. Ua lile linafunguka asubuhi moja tu, basi shangazi anaamka mapema, anashika kijiti, anachavusha ua moja moja kwa mkono, kiuno kinamuuma, halafu anasubiri miezi mpaka maganda yakomae, huku anayalinda yasiibwe. Kumbe kuna watu waliukamua msonobari wakamaliza mchezo. Nimeamua shangazi nisimwambie. Ana presha.

Maji yangu yakaisha. Mzee akasema hakuna shida, akakata kona, akaingia makaburini. Nikasimama getini. Jamani, waendesha baiskeli wa huku siri yao ndiyo hii: maji ukiyakosa, tafuta makaburi, maana huko kuna bomba la kumwagilia maua. Mzee akainama kati ya marehemu wawili, akasoma kibao kuhakikisha yanafaa kunywa, akajaza chupa, akaja ananinyoshea. Nikamwambia ajabu, kiu imekata yenyewe.

Sifa ninayo moja ya kutoa, nayo naipeleka Polle. Pale kuna kivuko kisichotegemea injini. Kimefungwa kwa waya uliovushwa mtoni, mvushaji anakiweka mshazari kidogo, maji ya mto yenyewe yanakisukuma mpaka ng'ambo. Ndicho chombo pekee siku ile kilichonifikisha mahali bila magoti yangu kuhusishwa. Nilitaka kurudi nivuke tena. Nikakatazwa.

Bodenwerder ndipo tulipokaa kula. Nikategemea chakula, ikaja keki ya plamu na kahawa. Sawa. Nyigu wakaja pia. Mmoja akatua kwenye krimu, akazama miguu yote sita, akajinasua, akapanda ukingo wa sahani, akaanza kujifuta uso na mikono ya mbele taratibu kabisa, huku mimi nimeshika uma hewani nasubiri amalize. Kumfukuza hawaruhusu. "Usipunge mkono, atakasirika." Na mimi je, nikikasirika? Keki nimenunua mimi, hela taslimu, maana kadi hawakupokea.

Mji huo ndiko alikozaliwa Baron Münchhausen mwaka 1720, bingwa wa kusimulia uongo. Ndiye anayesemekana alinasa matopeni na farasi wake, akajivuta mwenyewe kwa nywele zake mpaka akatoka. Nje ya nyumba yao, ambayo leo ni ofisi ya manispaa, wamejenga chemchemi ya farasi wa uongo wake mwingine, yule aliyekatwa katikati: anakunywa maji kwa mbele, yanamwagika kwa nyuma kwa sababu hakuna nyuma. Watu wanapiga picha wanacheka. Mimi sikucheka. Mimi na yule farasi tulitazamana kwa kuelewana, kwa sababu hata mimi nusu ya nyuma sikuwa naisikia tena.

Sasa sikilizeni. Mbele ya Bodenwerder ulianza upepo wa usoni, na mzee akawasha nguvu zote. Tukafika Grohnde, penye minara miwili mikubwa ya kupozea maji ya kinu cha nyuklia kilichozimwa tarehe 31 Desemba 2021. Mzee akaanza hotuba kuhusu siasa za umeme, nani alikosea, bili imepanda kiasi gani. Yuko katikati ya hotuba, baiskeli ikalia tii, taa ikazima. Betri kwisha. Chini ya kituo cha umeme!

Nilijitahidi sana kutocheka. Mungu ni shahidi, na yule bibi aliyepita ni shahidi wa pili.

Baiskeli ya aina ile ina kilo 25 hivi, na bila umeme inakwenda kwa kubembelezwa. Mzee akashika goti. Akalitazama goti, akanitazama mimi, akaitazama baiskeli yangu nyepesi. Ndugu zangu, ukila kwa mtu na binti yake umemuoa, huhitaji kuambiwa. Nikashuka, nikampa yangu, nikapanda lile chuma lake. Kilomita 10 na ushei. Sasa nilikuwa na mzigo, lakini wa kuuza haukuwa wangu.

Hameln nilifika wa mwisho, ulimi nje. Huo ndio mji ambao hadithi inasema mwaka 1284 mpiga filimbi aliwafuatisha watoto 130 wakatoka wasirudi tena. Walikwenda kwa miguu. Hakuna aliyewapa baiskeli, wana bahati yao.

Nikamkuta mzee kwenye benchi la stesheni na aiskrimu mkononi, anazungumza na mama mkwe kwa simu. "Safari nzuri sana," anasema. "Upepo ulikuwepo, lakini tumeukanyaga wote. Betri? Aa, sikuihitaji kabisa mwishoni. Huyu kijana ndiye aliyechoka kidogo, nilikuwa namsubirisubiri."

Mahali pa kuzaliwa baron tulishapapita saa nyingi. Lakini yeye naona tulikuja naye.