Juu Jumatano, Chini "Anmelden"

Mwenye kompyuta wa kwanza alikuwa mtu wa Kijerumani, na alipoiuza aliondoka na kila kitu chake isipokuwa lugha. Ndani nilishamhamisha: menyu za Kiswahili, kibodi ya Kimarekani, hakuna alama yake. Mlangoni, kwenye ile skrini ya LightDM inayoomba jina na nenosiri, bado alikuwa amekaa. Saa ya juu iliandika "Jumatano" bila wasiwasi, na chini yake kitufe kikaandika "Anmelden".

Hilo lingevumilika. Balaa lilianza siku shemeji alipotaka kuonyeshwa picha za harusi, ukoo mzima umejipanga nyuma ya kiti changu. Nenosiri likakataliwa. Nikaliandika polepole, kidole kimoja kimoja, likakataliwa polepole. Vidoti havisemi herufi gani imeingia, kwa hiyo nikatumia njia ya mafundi wote: andika nenosiri kwenye nafasi ya jina, pale herufi zinaonekana, halafu futa haraka.

Haraka yangu haikumshinda shemeji. "Mbona umebonyeza y imetoka z? Na kile kistari kimekuwa kidudu gani hiki?" Kidudu kilikuwa ß, herufi ya Kijerumani. Mtu ambaye simu yake huwashiwa na wanawe alipiga hesabu papo hapo, akageuza y na z, akarudisha kistari mahali pake, kisha akalitangaza nenosiri langu kwa sauti ya msema chochote. Watoto wakalirudia kwa pamoja.

Basi, kibodi kwanza, lugha baadaye. Ni matatizo mawili yaliyovaa shati moja. Mpangilio wa kibodi niliokuwa nao ndani ulikuwa wa eneokazi langu tu. Skrini ya kuingia haiujui. Yenyewe, kwenye mifumo ya Linux ya familia ya Debian, hufuata faili la /etc/default/keyboard, na humo mlikuwa na XKBLAYOUT="de", yaani mpangilio wa Kijerumani.

Nikabonyeza Ctrl+Alt+F2 kwenda kwenye konsoli, skrini ya maandishi matupu ya kuandikia amri, ambayo nayo husoma faili hilohilo, kwa hiyo nayo Mjerumani. Amri ni fupi:

sudoedit /etc/default/keyboard

Sasa iandike. Mkwaju (/) uko Shift+7. Neno keyboard lenyewe lina y, ambayo inakaa kwenye z. Shemeji, aliyekwisha kuwa mkuu wa kitengo, akawa ananisomea: "Saba na shifti! Hapo z, shemeji, z!" Ndani ya faili badilisha de iwe us, hifadhi, kisha sudo setupcon, na konsoli inarudi kwenye akili yake palepale. Skrini ya kuingia itaupokea mpangilio mpya ukiwasha mashine upya. Usiruke hatua hii ukidhani utaifanya mwisho: kwenye kibodi ya Kimarekani iliyowekewa mpangilio wa Kijerumani, alama ya | haipatikani kabisa, kwa sababu kitufe chake ni kile cha ziada kando ya shifti ya kushoto ambacho kibodi hizo hazina. Na uchunguzi unaofuata unaitaka hiyo |.

Lugha sasa. Ile saa ya Kiswahili juu ya kitufe cha Kijerumani, iliyokuwa ikiwachekesha watoto, ndiyo iliyotoa jibu. Majina ya siku hufuata mpangilio uitwao LC_TIME, na huo usipowekwa hufuata LANG, lugha ya jumla ya mfumo. Maneno ya vitufe nayo hutazama kwanza LANGUAGE, ambayo ikiwepo huipiku LANG na hata LC_ALL, mradi lugha ya mfumo si C, ile ya msingi isiyo na tafsiri. Kwa hiyo siku ikiwa sawa na vitufe vikiwa vibaya, acha kuhangaika na LANG. Kama hata siku ingekuwa ya Kijerumani, hapo ndipo ungefungua /etc/default/locale. Na kama kila kitu kingekuwa Kiingereza, ungeangalia kama sw_KE, yaani Kiswahili cha Kenya, imo kwenye orodha inayotolewa na amri locale -a. Isipokuwemo, toa alama ya # mbele ya sw_KE UTF-8 ndani ya /etc/locale.gen, kisha sudo locale-gen.

Usikisie, iulize skrini yenyewe. Iache ikisubiri nenosiri, nenda konsoli, kisha:

sudo cat /proc/$(pgrep -n -u lightdm -f gtk-greeter)/environ | tr '\0' '\n' | grep LANG

Yakatoka mawili: LANG=sw_KE.UTF-8 na LANGUAGE=de. Mwizi kapatikana, bado maficho yake. grep LANGUAGE /etc/environment ikamtoa: mstari mmoja, bila maelezo, bila samahani. Faili hilo husomwa na PAM, sehemu ya mfumo inayosimamia kuingia, kwa kila anayeingia, na skrini ya kuingia nayo huingia kama mtumiaji aitwaye lightdm. Mimi nilikuwa nimeokolewa na export LANGUAGE=sw:en iliyomo kwenye ~/.xsessionrc yangu. lightdm haji nyumbani kwangu kusoma mafaili; hata ungejaza nini humo, mlangoni hakifiki.

Nikafuta mstari. Ukoo ukataka kuona matokeo, na mjomba mmoja mjuaji akapendekeza sudo systemctl restart lightdm. Amri hiyo ni sahihi, ila inaua kila programu iliyofunguliwa pamoja na kazi ambayo hujahifadhi. Ukiwa ndani, tumia dm-tool switch-to-greeter: inaleta skrini mpya ya kuingia, na kazi zako zinabaki zilipo.

"Anmelden" haikuwepo tena. Usishangae vitufe vikija kwa Kiingereza badala ya Kiswahili: tazama kama kuna /usr/share/locale/sw/LC_MESSAGES/lightdm-gtk-greeter.mo. Bila faili hilo hakuna tafsiri ya kuonyesha, na hakuna mpangilio utakaoizalisha. Nikaongeza pia ~layout kwenye mstari wa indicators ndani ya /etc/lightdm/lightdm-gtk-greeter.conf, ili mpangilio wa kibodi uonekane pale juu kabla mtu hajaanza kulaumu vidole vyake.

Ikabaki passwd, amri ya kubadilisha nenosiri. Nenosiri jipya halina y, halina z, halina kistari. Shemeji ameombwa atazame ukutani. Anasema ameshaona vidole viwili vya mwanzo, na vilivyobaki atavipigia hesabu.