Kamati ya ushauri haichagui vitabu
Kuna makala nimesoma kuhusu maktaba za umma, na mwandishi wake anasema kamati ya ushauri ya wananchi ndiyo inayoamua maktaba inunue vitabu gani. Hapo kateleza. Nimekaa kwenye kamati ya namna hiyo miaka 3 na hakuna siku tuliyochagua hata kitabu kimoja. Hiyo ni kazi ya wakutubi, nao hufuata sera ya uteuzi wa vitabu. Sisi tulisoma rasimu ya sera hiyo, tukahoji, tukapiga kura ya kupendekeza, basi. Jina lenyewe linasema, ushauri: wakubwa wanaweza kulipokea pendekezo na kulifungia kabatini. Bodi ya wadhamini ni kitu kingine, maana kwingine hupitisha bajeti na hata kumwajiri mkurugenzi. Lakini msidhani tulikuwa mapambo. Kuna mjumbe mwenzetu, mama mtu mzima, alikuja kikaoni na daftari: jioni 14 mfululizo amehesabu wanafunzi waliosimama nje baada ya mlango kufungwa, idadi kwa kalamu nyekundu. Tuliambatanisha kurasa zile na ombi letu la maktaba kubaki wazi saa 2 zaidi jioni, mkurugenzi akaenda nazo kwenye kikao cha bajeti. Ikapatikana nyongeza ya saa 1. Kilichotukwamisha zaidi wala si ukosefu wa mamlaka, ni akidi, yaani idadi ya chini ya wajumbe inayotakiwa ili kikao kifanyike: wajumbe 9, wanafika 4, kikao kinaahirishwa tena. Kwenu wajumbe hupatikanaje, watu huomba wenyewe au huteuliwa kwa kujuana?