Kazakhstan sio kigeugeu, angalieni bomba lake linapita wapi

Kila mjadala wa Urusi na Magharibi ukianza, Kazakhstan lazima ipigwe mawe na pande zote. Wa upande wa Urusi wanasema Tokayev, rais wa Kazakhstan, hana shukrani, Januari 2022 nchi ilikuwa inawaka moto kwa ghasia Putin na wenzake wakampelekea wanajeshi, haijapita hata miezi sita kamgeuka. Wa upande wa Magharibi nao wanasema ni muoga, Urusi hajawahi kuilaani waziwazi kwa kuivamia Ukraine na bidhaa za vikwazo zimekuwa zikipenya kwake kwenda Moscow. Alafu wote wanamalizia na ile ya mshika mawili. Mi naona wengi wanaosema hivo hawajakaa na ramani hata dakika tano.

Hebu tuangalie. Mafuta yao mengi yako magharibi ya nchi, kando ya Caspian, na Caspian inaitwa bahari lakini haina mlango, meli haitoki mle kwenda baharini kwingine labda ipite mifereji ya ndani ya Urusi. Kisima kikubwa ni Tengiz, Chevron wana 50% na ExxonMobil 25%, yaani Wamarekani wana robo tatu pale. Sasa hayo mafuta yanatokaje? Yanaingia kwenye bomba la CPC (Caspian Pipeline Consortium), kama kilomita 1,500, linakatiza ardhi ya Urusi mpaka Novorossiysk kwenye Bahari Nyeusi, meli zinapakia pale kwenda zaidi Ulaya. Lilifunguliwa 2001, na mwenye hisa nyingi kwenye hilo bomba ni Urusi. Asilimia 80 hivi ya mafuta ghafi ambayo Kazakhstan inauza nje yanapita humo! Asilimia 80, kwenye njia moja, na koki iko kwa jirani ambaye una mpaka nae wa kilomita zaidi ya 7,500.

Sasa rudini 2022. Tarehe 17 Juni Tokayev yuko St. Petersburg, jukwaa moja na Putin, anaulizwa kuhusu Donetsk na Luhansk, maeneo ya Ukraine ambayo Urusi ilikuwa imeyatambua kama nchi, akajibu mbele ya mwenyeji wake kwamba Kazakhstan haitazitambua. Kwa rais wa nchi yenye mpaka ule na bomba lile sijui mnataka ujasiri gani zaidi ya huo. Mwezi huohuo Novorossiysk ikasemekana yameonekana mabomu ya vita vya pili vya dunia baharini karibu na gati, upakiaji ukabanwa. Tarehe 4 Julai Tokayev akaongea na Charles Michel wa Umoja wa Ulaya, akasema yuko tayari kusaidia Ulaya na nishati. Kesho yake, tarehe 5, mahakama ya Novorossiysk ikaamuru bomba lifungwe siku 30 kwa sababu ya makaratasi ya mpango wa kudhibiti mafuta yakimwagika. Siku chache baadae rufaa ikabadilisha ikawa faini ya rubles 200,000, kama dola elfu tatu na kitu.

Kusema kweli hakuna mwenye ushahidi wa maandishi kwamba hayo yalipangwa, na Machi mwaka uleule dhoruba kweli iliharibu maboya ya kupakilia (yako matatu, meli inavuta mafuta kupitia boya huko baharini) kabla ya maneno yote haya. Lakini kuamuru ufungwe uti wa mgongo wa uchumi wa nchi nzima kwa makaratasi, alafu unaachia kwa faini ya dola elfu tatu, aliyeko Astana, mji mkuu wao, anaelewa anaambiwa nini.

Njia zingine zipo, ila ndogo. Kuna kuvusha kwa meli kutoka Aktau mpaka Baku kisha bomba la kwenda Ceyhan Uturuki, na 2024 mafuta ya Kazakhstan yaliyopita huko yalikuwa kama tani milioni moja na nusu, wakati CPC mwaka huo ilipitisha kama milioni 63. Na Caspian yenyewe maji yanapungua, bandari inabidi ichimbwe kina. Kuna bomba la China pia, toka 2006, lakini visima viko magharibi na Mchina yuko mashariki kabisa, na ukihamishia kila kitu kwake umebadilisha tu mshika koki.

Wanaolaumu wana hoja moja ambayo siwezi kuikwepa. Njia ya Ceyhan inafanya kazi tangu 2006 na miaka ya katikati pale pipa lilivuka dola 100, kwanini hawakuwekeza kwa nguvu? Ni kweli Urusi na Iran walikuwa wanapinga bomba chini ya Caspian, na makubaliano ya bahari ile yalikuja kusainiwa 2018, lakini meli na bandari hazikuhitaji ruhusa ya mtu. Na hela zenyewe Zhanaozen hazijafika vizuri, mji wa mafuta kabisa, 2011 wafanyakazi waliogoma walipigwa risasi, 2022 ghasia zilianzia hapohapo baada ya bei ya gesi ya magari kupanda kutoka tenge (hela yao) 60 mpaka 120. Hilo ni deni la watawala wao kwa wananchi wao, walipe. Ila halihusiani na kuwaambia wachague kambi.

Manake wakichagua, bomba linabaki palepale. Februari 2025 droni za Ukraine zilipiga kituo cha kusukuma mafuta cha Kropotkinskaya, mali ambayo Chevron ana hisa, na tarehe 29 Novemba zikapiga boya la pili kule Novorossiysk. Astana ikalalamika rasmi kwa Kyiv. Boya la tatu lilikuwa kwenye matengenezo, kwahiyo siku zile sehemu kubwa ya mafuta ya nchi yenye watu milioni 20 yalikuwa yanasubiri zamu kwenye boya moja lililobaki.