Chembe za mafuta na seli za kinga: kumezwa ni hasara au mtaji?

Chembe za mafuta zinazobeba jeni au maelekezo yake hadi ndani ya seli, nyingi zikiwa na upana wa nanomita 80 hadi 100, haziendi popote mwilini bila kukutana na seli za kinga. Je, seli hizo zikizimeza, tuhesabu hasara au faida?

Wanaosema hasara wana hoja nzito. Chembe zikidungwa mshipani, protini za damu huzivaa mara moja. Mojawapo, apolipoprotini E, huzifungulia mlango wa seli za ini, na patisiran, dawa ya amiloidi ya kurithi (ugonjwa wa protini mbovu kujirundika mwilini) iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2018, hutegemea njia hiyo. Lakini katika ini hilohilo, na kwenye wengu, wamo makrofaji, ambao kazi yao ni kufagia kila kigeni kinachopita. Wanachokinasa hakimfikii mlengwa. Ndiyo maana chembe huvishwa PEG, polima inayozificha, ili zisitambulike upesi, ingawa kinga nayo ina ujanja wake: hutengeneza kingamwili dhidi ya PEG yenyewe, na dozi ya pili ikafagiwa haraka kuliko ya kwanza.

Upande wa pili nao una ushahidi. Kwa chanjo za UVIKO-19 za mRNA (maelekezo ya kutengeneza protini), kumezwa na seli dendriti, walinzi wa kinga, ni sehemu ya kazi yenyewe, maana ndizo zinazozionyesha seli T, askari wa kinga, sura ya adui kwenye tezi za limfu. Seli T zenyewe si walafi, lakini mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, walibandika kwenye chembe kingamwili zinazoshika CD5, protini iliyo juu ya seli T; chembe zikaingia seli T za panya na kuzigeuza kwa muda kuwa CAR-T (seli T zilizopewa kipokezi cha kuwinda shabaha maalumu), bila kuzitoa mwilini.

Kwa maoni yangu, pande zote mbili hutazama sana mlangoni. Picha ya makrofaji aking'aa rangi chini ya hadubini (zinapendwa mno picha hizi) inathibitisha kwamba chembe imeingia, basi. Bado imefungwa ndani ya kifuko, na kinapozidi kuwa na asidi, lipidi (mafuta) maalumu za chembe hupata chaji chanya na kujaribu kukipasua. Utafiti wa mwaka 2013 ulikadiria kwamba asilimia 1 hadi 2 tu ya RNA fupi iliyobebwa hivyo hutoroka kwenye kifuko. Inayobaki humeng'enywa, na katika kumeng'enya makrofaji ni bingwa. Kipimo ninachokiamini ni protini iliyotengenezwa.

Hata hivyo, wanaosema hasara wana jambo moja ambalo mashabiki wa CAR-T ya ndani ya mwili hulipita haraka. Seli isiyolengwa ikimeza mRNA, kosa hufifia ndani ya siku chache. Chembe ikibeba vifaa vya kuhariri jeni, kosa hubaki kwenye DNA ya seli hiyo na kurithiwa na kila seli itakayozaliwa nayo.